Kabla ya kumnywesha rozela, funua mdomo wa mbwa wako

Mhariri,

Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kufunua kope za watu. Mama mjamzito akishakaa kwenye kiti changu pale kliniki, hata sijamuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini, kidole gumba changu kimeshafika chini ya jicho. Ndani ya kope pakiwa pekundu kama tikiti, tunaendelea na maongezi. Pakiwa peupe, naita mtu wa maabara. Mwaka wa 4 huu nimestaafu, niko Tabata na wajukuu wawili, mbwa mmoja, na paka ambao idadi yao sijawahi kuwa na uhakika nayo. Nakuandikia kwa sababu mbwa wangu aliishiwa damu mbele ya macho yangu karibu wiki mbili nzima, na mimi bingwa wa kope sikumtazama.

Anaitwa Kamanda. Ni mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya mchanga, ncha ya sikio moja imeliwa katika ugomvi ambao hakutusimulia. Jumanne na Ijumaa hupita kijana wa mkokoteni wa taka, na Kamanda humbwekea kama mtu anayemdai. Wakati wa masika, Jumanne moja, mkokoteni ukapita, kengele ikalia, Kamanda akanyanyua kichwa tu na kukirudisha sakafuni. Alikuwa amelala kwenye saruji yenye majimaji chini ya simtanki. Nikasema ni uchovu, mbwa naye huchoka. Ijumaa hakunyanyua hata kichwa. Ugali wake wa dagaa ukaliwa na kuku. Baraza letu lina ngazi mbili tu, na akizipanda anahema kama amekimbia kutoka Ubungo.

Sasa, kila mtu wa Dar es Salaam ni daktari wa damu. Ukisema damu imeshuka, hata kondakta wa daladala atakuandikia: rozela, bitiruti, matembele, maini. Mimi mwenyewe nimewaandikia hivyo wanawake wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikachemsha rozela, nikaipoza, nikamwekea Kamanda kwenye sufuria lake. Aliinusa, akanitazama kwa heshima zote, akageuza uso ukutani. Nikatuma mjukuu buchani, maini robo kilo. Hayo aliyala siku ya kwanza, nikafurahi. Siku ya pili aliyalamba. Siku ya tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hapo hata aliyesomea useremala angejua kwamba jambo limeharibika ndani.

Nikampigia kijana anayezunguka mitaani kwetu na dawa za mifugo. Alikuja na pikipiki, bomba la sindano kwenye mfuko wa shati. Shikamoo, marahaba. "Mama, hii ni homa ya kupe tu, nampiga moja anasimama." Akachanganya dawa ya njano, dawa ambayo kwa asili yake ni ya ng'ombe. Akajiuliza mwenyewe, "Huyu kilo ngapi?" na akajijibu mwenyewe. Nikalipa Sh15,000. Mhariri, katika wodi yangu mtu angemdunga mgonjwa bila kumpima uzito ningemfukuza na ndoo. Lakini ilikuwa mbwa, ilikuwa jioni, na mimi nilikuwa mteja. Nikanyamaza. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kwa mbwa dawa ile ina nafasi nyembamba sana kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachovuruga ubongo.

Na kweli alisimama. Siku mbili akala, akazunguka uwanja. Siku ya tano damu ikamtoka puani, akaanguka mlangoni kwa jiko.

Hapo ndipo tulipompakia kwenye bajaji, mjukuu kashika kichwa mimi nimeshika miguu, hadi kwa daktari wa mifugo mwenye chumba cha kazi na mizani. Ni binti aliyesoma Sokoine, Morogoro, umri wa mwanangu wa mwisho. Hakuuliza maswali mengi. Alimnyanyua Kamanda mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaniita nisogee. Ufizi ulikuwa mweupe kama chicha, ile nazi iliyokamuliwa tui lote likaisha. Nilijisikia vibaya, Mhariri. Ni kidole gumba kile kile. Ni sekunde 3 zile zile. Nilikuwa nimekaa na mnyama yule siku 12 nikimchanganyia juisi.

Wakamtoa damu kidogo, wakaijaza kwenye mrija mwembamba wa kioo, wakauzungusha kwenye mashine yao ndogo inayolia kama blenda. Damu ikajitenga, seli nyekundu chini na maji ya damu juu. Kwa mbwa mzima, sehemu nyekundu huwa kati ya asilimia 37 na 55 ya mrija. Kwa paka ni kama 30 hadi 45. Kamanda alikuwa na 13. Wenzangu wa wodini mtaelewa mkigawanya kwa 3, mtapata makadirio ya himoglobini. Inakuja 4 na kidogo. Mjamzito mwenye 4 mimi simruhusu aende hata chooni peke yake.

Kisha akapewa kipimo kinachofanana kabisa na kile cha haraka cha malaria, tone la damu, matone ya maji yake, unasubiri mistari. Ikatoka miwili. Ugonjwa wenyewe unaitwa erlikia. Ni bakteria anayeletwa na kupe, na kupe huyo huyo anaweza pia kuleta babesia, kijidudu kinachoingia ndani ya seli nyekundu na kuzipasua, ndiyo maana mkojo unageuka chai. Daktari alidhani Kamanda alikuwa na vyote viwili. Sindano ya njano ilimpiga babesia, yule mwingine ikamwacha aendelee na kazi yake ya kumaliza chembe zinazogandisha damu na kulemaza uboho unaotengeneza damu mpya. Mgonjwa akaonekana amepona kwa siku mbili kumbe amepona nusu.

Nikamweleza habari za rozela na maini. Hakucheka, ila alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mama, tangi linavuja, wewe unaita boza." Mbwa anayekula ugali na dagaa kila siku si rahisi aishiwe damu kwa sababu ya chakula. Mara nyingi damu yake inanyonywa, au inamwagika, au inavunjwa ndani, au kiwanda chenyewe kimesimama. Nami ningeliambiwa hivyo nilipokuwa kijana kazini labda ningelisema rozela mara chache zaidi hata kwa watu.

Ilibidi aongezewe damu. Nikauliza, damu ya mbwa inatoka benki gani? Akasema benki ni mbwa mwenzake. Kijana wangu wa pili ana rafiki Kinyerezi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anafuga mbwa mkubwa wa Kijerumani, kilo 38, ana chanjo zote. Wakaja na kirikuu, mbwa amekaa nyuma kama mheshimiwa. Wakampima kwanza yeye, kupe hana, damu anayo. Mfuko ulipotolewa kwenye karatasi yake nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, maana ni ule ule wa mililita 450 tunaowatolea binadamu, na dawa yake ya kuzuia damu isigande imo ndani. Wakamnyoa shingoni, wakamlaza ubavu, mwenye mbwa akawa anamkuna tumbo. Mfuko nikaushika mimi, chini ya usawa wa meza, nauyumbisha polepole mbele na nyuma. Mikono haisahau.

"Hujapima kundi," nikamwambia daktari. Akanieleza jambo jipya kabisa kwangu. Mbwa wana makundi ya damu, tena mengi, lakini mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu kwa kawaida hana silaha kali za kupigana na damu ya mwenzake, kwa hiyo mara ya kwanza mara nyingi hupita salama. Mara ya pili ndiyo ya kuogopa. Paka siyo hivyo. Paka ana A na B, na huzaliwa na chuki tayari dhidi ya kundi lisilo lake, hivyo paka wa B akipewa damu ya A anaweza kufa hapo hapo, hata kama ni mara yake ya kwanza. Hata hivyo kwa Kamanda alichanganya matone mawili kwenye kioo, akatazama kama yanashikana. Hayakushikana. Dripu ikafunguliwa polepole, na yeye kila baada ya dakika chache anapima joto na kuhesabu pumzi. Yule binti angekuwa muuguzi mzuri.

Saa mbili zilipita. Ulimi ndio ulioanza kurudi rangi, kwanza pembeni. Kisha Kamanda akajiinua, akayumba, akanyanyua mguu na kukojolea stendi ya dripu. Tulipiga makofi.

Gharama zote siziandiki hapa, maana binti yangu husoma gazeti lako. Baada ya hapo ilikuwa doksisaiklini, dawa tunayoijua wote, kila siku kwa siku 28, imefichwa ndani ya kipande cha mkate. Damu ya kuazima haidumu. Ile ni ya kumvusha mto tu, hadi uboho wake uamke. Wiki ya 5 mrija ulisoma 35.

Kupe wenyewe nao nina habari zao. Nilidhani kupe ni wa majani, na uwanja wetu ni mchanga na saruji. Kumbe huyu wa mbwa, wa kahawia, ni mpangaji wa nyumba. Usiku nilimulika tochi ya simu kwenye ukuta wa nyuma ambao haujapigwa lipu, nikawaona wanapanda matofali mmoja mmoja kama mafundi wanaokwenda kumwaga zege. Katika maisha yake kupe huyu hunyonya mara tatu, na kila akishiba huanguka, hujificha kwenye ufa, hujivua gamba, hurudi tena. Jike likishiba mara ya mwisho linavimba, la kijivu, kama mbegu ya nyonyo, linakwenda kutaga mayai kwa maelfu kwenye hizo hizo nyufa. Ndiyo maana ukimwogesha mbwa tu umefanya nusu ya kazi. Kwenye masikio na katikati ya vidole vya Kamanda nilitoa 61, nikawatia kwenye chupa ya maji yenye mafuta ya taa, mjukuu akawa anahesabu kwa sauti. Ukuta umepigwa lipu sasa, banda limenyunyiziwa dawa, na tunarudia.

Paka nao wana kesi zao. Mwaka juzi paka wetu alizalia kwenye boksi chini ya ngazi, watoto watatu. Siku ya 20 na kitu mmoja akafa, kesho yake wa pili. Nilidhani ni baridi. Yule wa tatu nilimchana manyoya kwa kichanio cha chawa, zikaanguka chenga nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikaziweka juu ya pamba yenye maji, kwa mazoea tu ya kazi, na zile chenga zikaanza kuchuruza wekundu kwenye pamba. Haukuwa uchafu. Ilikuwa damu ya mtoto wa paka iliyokwisha kupita tumboni mwa viroboto. Mnyama wa gramu 300 ana damu kiasi gani? Vijiko vichache. Viroboto 50 au 100 wakikaa juu yake usiku na mchana wanaimaliza bila kelele. Yule wa tatu tulimwogesha kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, tukamkausha mbele ya jiko la mkaa, tukachoma boksi. Alipona, na ndiye aliyenijazia nyumba paka. Nakumbusha tu kwamba dawa nyingi za viroboto za mbwa ni sumu kwa paka, na hii ya kuogeshea ng'ombe usimsogezee kabisa.

Jirani yangu wa nyumba ya pili ni hajati, mbwa hamgusi kwa ajili ya dini yake na tunaheshimiana, ila paka kwake ni watoto. Jioni moja akaniita, "Dada, njoo umtazame paka wangu, uso umemvimba." Nilipofunua mdomo, fizi hazikuwa nyeupe wala nyekundu, zilikuwa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Paka alikuwa na homa, naye kwa huruma alimpa parasetamo, nusu kidonge asubuhi na nusu mchana. Ini la paka halina njia ya kuivunja dawa ile. Inageuka sumu, inaiharibu damu mpaka inashindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Alikufa kabla bajaji haijafika Barakuda. Hajati alilia, na mimi sikuwa na la kumlaumu, maana ni dawa ninayowapa wajukuu zangu bila kufikiri mara mbili.

Vitunguu navyo ni hivyo hivyo, kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi kwa vilivyopikwa, vinapasua seli nyekundu za mbwa na za paka zaidi. Makombo ya pilau ya arusini wape kuku. Na wanaomtwangia mbwa kitunguu saumu kila wiki "kutoa minyoo" waache, dawa ya minyoo ipo na haina bei kubwa. Watoto wa mbwa hasa, maana safura humwingia mtoto kupitia maziwa ya mama yake, humng'ata utumbo, na kinyesi kinatoka cheusi kama lami. Waanze dawa wakiwa na wiki 2. Funza wa minyoo hao hao hubaki mchangani na kuingia kwenye nyayo za watoto wetu. Ile mistari inayowasha na kutambaa chini ya ngozi ya mguu, niliyokuwa naiona kliniki kila likizo, wengi wanadhani ni uchawi.

Sasa ombi langu, Mhariri, kwa wahusika wa mifugo katika halmashauri zetu za jiji hili. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na chanjo zinapotangazwa tunapeleka mbwa. Nimekwenda mwenyewe. Uwanja wa shule, foleni, watoto wamewafunga mbwa kwa kamba za katani na nyaya za umeme, sindano, kadi, ondoka. Ni kazi nzuri na ya bure, nawashukuru. Lakini mara ya mwisho nilihesabu mbwa wanne mbele yangu ambao masikio yao yalikuwa kama kishada cha zabibu kwa kupe, na hakuna aliyemnyanyua hata mmoja mdomo.

Sisi kule kliniki mama alikuja kuchomwa pepopunda, hatukumwachia hivyo. Tulimfunua kope, tukampa vidonge vya madini ya chuma na foliki, dawa ya minyoo, SP ya malaria, na enzi zile hati punguzo ya chandarua. Kwa nini? Kwa sababu ameshafika. Nauli ameshalipa, foleni ameshakaa. Mbwa wa Mbagala anayekokotwa mara moja kwa mwaka hadi uwanja wa shule hatafika tena mpaka mwakani. Anayechoma sindano ana mikono miwili. Amnyanyue mdomo, atazame. Mbwa wengi wa kienyeji fizi zao ni nyeusi kwa asili, basi amfunue kope ya chini au atazame ulimi. Abonyeze ufizi kwa kidole, rangi ikirudi ndani ya sekunde 2 ni sawa. Ukiwa mweupe, wa njano au wa udongo, amwandikie mwenye mbwa kwenye kadi: nenda kwa daktari, leo. Kwenye meza pawekwe dawa ya minyoo, hata kama ni ya kulipia.

Mwenye mbwa naye asisubiri mpaka augue. Mtazame leo akiwa mzima, ujue wekundu wake ukoje, kwa sababu weupe hauna maana kama hujui ulikuwa rangi gani jana.

Na hao vijana wa pikipiki, siwachukii, maana wanafika mahali ambapo madaktari hawafiki. Sheria ya Veterinari tunayo tangu 2003, na Baraza la kusajili wataalamu lipo. Wafundishwe, wasajiliwe kwa ngazi yao, na kila mmoja atembee na mizani ya kuning'iniza kama ile tuliyokuwa tunapimia watoto kliniki. Hata ya kupimia mchele itafaa kwa mbwa mdogo.

Mwaka huu nitakuwepo uwanjani na kiti changu cha plastiki, tochi na pamba, kama wenye chanjo watanivumilia. Kamanda nitakuja naye, kwa mnyororo mfupi, maana kijana wa taka hupita pale pale saa zile zile na deni bado halijalipwa.

Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam